Rejesho limeingia, limetoka wapi? Kisa cha kampuni changa ya mikopo Dodoma

Kampuni ninayoizungumzia ilikuwa na ofisi Area C jijini Dodoma, ghorofa ya kwanza, na wateja wake wengi walikuwa vijijini upande wa Kongwa. Nilikuwa mchambuzi wa mikopo. Jina lake silitaji, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili watu wasitambulike, ila mtiririko wa mambo ni ule ule. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu ndani yake sikumwona mtu mbaya. Waanzilishi walikuwa waaminifu, leseni ilikuwepo, maafisa mikopo walikuwa watoto wa vijiji vile vile, na bado ikafika mahali akina mama wanakopa kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba ya kuumiza, ili watulipe sisi.

Waanzilishi walikuwa wawili. Mmoja alitoka benki akiwa amechoka kuona mama lishe anarudishwa mlangoni kwa kukosa hati ya nyumba. Mwingine alisoma kompyuta UDOM na ndiye aliyejenga mfumo. Leseni yetu ilikuwa ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa asiyejua, daraja hilo linakuruhusu kukopesha lakini hupokei shilingi ya mtu kama amana. Watu wengi hulipita jambo hili haraka, na ndilo lililobeba kisa chote. Asiyepokea amana lazima hela ya kukopesha aipate kwingine, na huyo anayempa ana ratiba yake. Sisi tuliipata kwa mfuko wa nje unaojitangaza kuwekeza kwa manufaa ya jamii. Walitukopesha kwa dola.

Kazi yenyewe ilikuwa tamu, na ningekuwa mnafiki nisiposema hivyo. Afisa mmoja wa mwaka wa kwanza aligundua kwamba wanawake kadhaa wanakwama kwenye fomu kwa sababu namba ya NIDA wanayo ila kitambulisho chenyewe bado hakijafika. Alisema Jumatatu, kufikia Jumatano fomu ilikuwa imebadilishwa. Benki ningengoja kamati tatu. Ukienda kijijini unamkuta mama aliyeanza na debe moja la karanga sasa ana kibanda, anakuita "mwanangu" na kukukatalia kuondoka bila kula. Hakuna mshahara unaolipa hilo, na kampuni ililijua vizuri, maana mshahara wenyewe ulikuwa mdogo. "Huku tunajenga kitu," ndiyo kauli iliyokuwa ikitolewa kila mtu akiuliza nyongeza. Tuliahidiwa hisa. Kundi la WhatsApp la kazi lililia mpaka saa tano usiku, Jumapili ikiwemo, na aliyelinyamazisha alionekana hana moyo wa kazi.

Maneno kama "sisi ni familia" yana bei yake kwa mfanyakazi, na anayeilipa zaidi ni yule wa chini. Mimi nilikaa ofisini na kiyoyozi. Afisa mikopo aliamka saa kumi na moja alfajiri, akapanda basi mpaka Kibaigwa, kisha bodaboda kuingia ndani, vumbi au tope kutegemea mwezi. Mshahara wake wa msingi ulikuwa wa kulipia chumba Nkuhungu na chakula, basi. Kilichomwezesha kuishi ni bonasi, na bonasi ililipwa vikundi vyake vikimaliza mwezi bila rejesho lililolala, yaani lililopita siku yake bila kulipwa. Kikundi kimoja kikipungukiwa, bonasi inakatwa. Vikipungukiwa viwili, hakuna bonasi. Ukurasa huo wa mkataba wa afisa haukuwahi kubandikwa ukutani, ingawa dhamira ya kampuni ilibandikwa, tena kwa herufi kubwa. Mtu akiniuliza leo kama kampuni fulani ya aina hii inafaa kufanyia kazi, namwambia aombe kuusoma ukurasa wa bonasi kabla ya kusoma kitu kingine.

Tuje kwenye mkopo wenyewe. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa huduma wa daraja la pili, nasi tulitoza hiyo hiyo, tukijisifu kwamba hatuongezi senti. Chukua mfano wa mama aliyekopa shilingi 500,000 kwa miezi minne. Riba ya 3.5 kwa mwezi juu ya kiasi chote ni 70,000, hivyo anarudisha 570,000 kwa wiki kumi na sita, yaani 35,625 kila wiki. Kwenye karatasi mambo ni safi. Ila mama huyu hakai na laki tano kwa miezi minne. Wiki ya kwanza tu anaanza kuirudisha, na kufikia mwezi wa pili nusu imeshatoka mikononi mwake, wakati riba inaendelea kuhesabiwa kana kwamba anayo yote. Ukipiga hesabu kwa salio alilobaki nalo kweli, gharama inapita asilimia 6 kwa mwezi. Niliionyesha hesabu hii kwa mwanzilishi aliyetoka benki. Hakubisha. Alisema kila mtu mjini anahesabu hivyo, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Kwa mama lishe wa Sabasaba au muuza nyanya wa Majengo, marejesho ya wiki hayana shida kubwa. Anauza kila siku, anaweka pembeni kila siku. Shida ilianza tulipokwenda vijijini na ratiba ile ile.

Dodoma mvua ni msimu mmoja. Inaanza Desemba, pengine mwishoni mwa Novemba, na kufikia Aprili imeisha. Mahindi na alizeti vinavunwa kuanzia Mei kwenda Julai. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala la nyumbani limeisha, shamba linataka palizi, na hela haipo. Anayeshindwa anakwenda kibarua kwenye shamba la mwenzake huku lake linaota majani, au anauza gunia likiwa bado shambani kwa bei ya kutupwa. Mtoto wa darasa la tatu wa Kongwa anaijua kalenda hiyo. Mfumo wetu haukuijua. Mikopo ya kilimo tuliitoa Novemba, na rejesho la kwanza lilidaiwa wiki iliyofuata.

Kwa nini tulifanya hivyo? Si ujinga. Mwekezaji alilipwa kila robo mwaka. Mkataba wake ulikuwa na kifungu kinachosema mikopo yenye marejesho yaliyochelewa kupita siku 30 isizidi kiwango fulani cha mikopo yote, na ikizidi, ana haki ya kudai hela yake yote kwa mkupuo. Tena mkopo ulioongezewa muda ulihesabiwa kundi moja na uliochelewa. Juu ya hapo kulikuwa na dola. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa karibu shilingi 2,300, na kufikia Oktoba 2024 ilishavuka 2,700. Sisi tunakopesha na kukusanya kwa shilingi, deni letu linavimba kwa dola. Ratiba ya wiki ilimpa mhasibu usingizi: hela inaingia kidogo kidogo, na tatizo linaonekana mapema. Angalau tuliamini hivyo.

Msimu wa kisa ni ule ulioanza mwishoni mwa 2023. Wakulima waliingia shambani wakiwa wamejeruhiwa tayari, kwa sababu mwaka ule bei ya alizeti ilikuwa imeanguka Singida na Dodoma na wengi waliuza kwa hasara. Mvua, kwa upande ule, ilinyesha vizuri. Ilipofika Februari nilitegemea kuona marejesho yanayumba. Hayakuyumba. Vikundi vya Kongwa vililipa karibu kila rejesho, kwa wakati, vikiwapita hata wafanyabiashara wa mjini. Taarifa ya robo mwaka ilianza kuandikwa kwa shangwe, na mtu akatumwa kupiga picha za akina mama wakicheka shambani.

Aliyeukata mzizi wa shangwe ni afisa mmoja, binti wa Mpwapwa, mkimya, asiyeongea kwenye vikao. Tulikwenda naye kikundini, mimi nikiwa nimefuata kuhakiki daftari. Walikaa chini ya mbuyu, wengine na watoto mgongoni. Baada ya mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na shikamoo na habari za mvua, mweka hazina akatoa daftari lake. Alilichora mistari kwa rula: jina, rejesho, sahihi au dole gumba. Pembeni ya safu zetu kulikuwa na safu nyingine iliyoandikwa kwa penseli, majina yale yale, tarakimu tofauti, na juu yake neno moja: Jumanne.

Sisi tulikusanya Jumatano.

Afisa aliuliza kwa upole Jumanne ni ya nani. Wakatazamana. Mwenyekiti, mama wa makamo, ndiye aliyejibu. "Mwanangu, ninyi mnakuja Jumatano. Yule wa Kibaigwa anakuja Jumanne. Tusipochukua kwake, kesho yake tutawapa nini?" Yule wa Kibaigwa alikuwa mkopeshaji asiye na ofisi wala leseni. Alitoa elfu hamsini, akarudishiwa elfu sabini mwezi ukiisha, na akaondoka na baiskeli au mbuzi wa asiyelipa. Alikuwa na pikipiki nzuri kuliko ya kampuni yetu.

Mama mwingine alieleza kwa nini hawakutuambia. Mkopo wetu ulikuwa wa kudhaminiana: mmoja akishindwa, wenzake wanamchangia, na kikundi kizima hakipati mzunguko unaofuata. Kwa hiyo kusema "sina" mbele ya afisa ni kuwaangusha wenzako tisa. Kukopa kwa yule bwana ni aibu ya siri. Kushindwa Jumatano ni aibu ya wazi. Na walimpenda afisa. Walijua akikosa makusanyo, bonasi yake inakwenda. Mmoja alisema hivyo kabisa, kwamba hawakutaka kumuumiza binti wa watu. Sijui kama kuna kifungu cha mkataba kilichowahi kufanya kazi vizuri namna hiyo.

Niliporudi ofisini nilivuta miamala ya simu ya vikundi vya ukanda ule. Marejesho ya watu sita, saba, yalikuwa yanatumwa kutoka namba moja, Jumanne jioni, yakipishana kwa dakika chache. Mfumo wetu uliandika nani amelipa, kiasi gani, tarehe gani. Haukuwahi kuulizwa hela imetumwa na simu ya nani.

Jambo hili si geni duniani. Andhra Pradesh, India, kampuni za mikopo midogo zilikuwa zikitangaza marejesho yanayopita asilimia 95, huku familia zikikopa kampuni hii ili kuilipa ile. Agosti 2010 kampuni kubwa kuliko zote, SKS, ikaingiza hisa zake sokoni. Oktoba mwaka huo huo serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuzibana kampuni hizo, na marejesho yakaporomoka. Nilikuwa nimesoma habari hiyo zamani. Kusoma na kuliona daftari la penseli ni vitu viwili.

Kikao cha Jumatatu kilikuwa kigumu. Binti wa Mpwapwa alisimama, akaeleza kwa sentensi fupi, akakaa. Mwanzilishi aliyetoka benki akauliza, "Kwa hiyo unataka nimwambie mwekezaji nini?" Si kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu kweli. Mhasibu alikuwa ameshafanya hesabu: mikopo ya kilimo ikisogezwa mpaka mavuno, yote inahesabiwa kuwa hatarini, kiwango cha mkataba kinavukwa siku hiyo hiyo. Yaani kuwatendea akina mama haki kungetufanya, kwenye karatasi, tuonekane kampuni mbovu; kuwakamua kungetufanya tuonekane wazuri. Meneja wa masoko akasema tungoje robo mwaka ipite kwanza. Afisa mwingine, mkongwe kidogo, akasema kila kampuni ya mikopo inajua wateja wake wanakopa kwingine, na asiyejua ni kwa sababu hataki.

Hapo ndipo nilipoona dhamira ya kampuni ilipokuwa imekaa muda wote. Ilikuwa kwenye vifungu viwili, cha mwekezaji na cha bonasi, vilivyotiwa sahihi kabla hatujampata mteja hata mmoja wa Kongwa. Tukiwa ofisini tulijiona tofauti kabisa na wale wengine. Hata Novemba 2024, Benki Kuu ilipotaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni na kuzipiga marufuku, watu walipiga makofi. Lakini mama wa chini ya mbuyu hakutuona tofauti sana na yule wa pikipiki. Kwake tulikuwa Jumanne na Jumatano.

Mwanzilishi aliyesoma kompyuta, ambaye kwa kawaida aliongea mambo ya mfumo tu, ndiye aliyeamua. Alisema barua iende kwa mwekezaji wiki ile ile, pamoja na miamala ya namba moja, kabla robo haijafungwa, na kwamba wakiitaka hela yao waidai. Mwenzake alikaa kimya muda mrefu kisha akasaini. Nadhani huo ndio uamuzi mkubwa pekee niliouona pale. Mengine yote yalikuwa marekebisho.

Marekebisho yenyewe yalikuwa haya: vikundi vya kilimo viliacha rejesho la wiki, vikalipa riba kidogo ya kila mwezi kwa salio, na mtaji, yaani kile kiasi walichokopa, ukasogezwa baada ya mavuno. Wafanyabiashara wa sokoni waliendelea kama zamani. Mwekezaji alichukua wiki kadhaa kujibu, wiki ambazo mhasibu alipungua mwili. Alikubali kusubiri, kwa sharti mikopo hiyo iripotiwe peke yake, ila awamu ya pili ya hela akaizuia. Tukasimamisha mikopo mipya. Mameneja tulipokea nusu mshahara kwa miezi miwili, maafisa walilipwa kamili. Hilo la maafisa lilipigiwa kelele na baadhi ya mameneja wale wale waliokuwa wakisema sisi ni familia. Afisa mmoja mzuri alihamia benki mjini, na sikumlaumu, maana ana mama mgonjwa.

Bonasi nayo ilibadilishwa. Badala ya makusanyo peke yake, afisa alipimwa pia kwa dodoso fupi: mteja amekopa kwingine mwezi huu? Wazo lilikuwa langu kwa sehemu. Halikufika mbali. Ndani ya muda mfupi wateja wote walijibu "hapana" kwa sauti moja, kama watoto kwenye gwaride, kwa sababu maafisa walishawaambia jibu linalotakiwa. Tulikuwa tumehamisha tu mahali pa kudanganya. Kilichofanya kazi kidogo ni kupandisha mshahara wa msingi na kuipunguza bonasi, jambo lisilopendeza kwenye taarifa yoyote kwa sababu linaongeza gharama.

Mavuno yalikuja na sehemu kubwa ya mtaji ikarudi. Lakini tuliona kitu kingine. Tarehe yetu mpya ilikuwa mwisho wa Juni. Mwisho wa Juni soko la Kibaigwa linajaa magunia, kila mtu anauza, bei iko chini, na wanunuzi wanapima lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bila aibu. Tarehe yetu iliwalazimisha kuuza siku mbaya kuliko zote. Mama mwenyekiti yule yule alituambia wazi kwamba angesubiri mpaka Septemba gunia lingelipa deni na ada ya shule vyote. Kuna mfumo wa stakabadhi za ghala, uliowekewa sheria mwaka 2005, ambamo mkulima anahifadhi mazao ghalani na yanauzwa baadaye kwa mnada, nasi tulianza kuzungumza namna ya kukopesha juu ya stakabadhi. Ila magunia manne ya mahindi ya mama mmoja, yaliyolala chumbani anakolala na wajukuu, yapo nje ya mazungumzo hayo.

Wakati huo Dodoma yenyewe ilikuwa inavuta upande mwingine. Tangu serikali ilipotangaza kuhamia mwaka 2016, na ofisi kuota Mtumba, mji umejaa watumishi wenye mshahara wa uhakika wanaojenga Ihumwa na Nzuguni na kuhitaji hela ya mabati. Kumkopesha mtumishi hakuhitaji basi la alfajiri wala mbuyu. Waanzilishi walitofautiana. Wa benki alisema watumishi ndio watakaobeba gharama za Kongwa. Wa kompyuta alisema ameona kampuni nyingi zilizoanza na sentensi hiyo.

Niliondoka kabla hawajamaliza ubishi wao, kwa sababu zangu za kifamilia. Ninachojua sasa nakisikia kwa waliobaki. Deni jipya wamelipata kwa shilingi, kwa riba kubwa zaidi. Binti wa Mpwapwa ndiye msimamizi wa mikopo ya kilimo, na tarehe ya mtaji kurudi imesogezwa hadi Septemba. Mikopo ya watumishi nayo imeanza, na mwezi uliopita mishahara yote, pamoja na ya kwake, ililipwa kwa faida ya upande huo.